Saa tatu kwenye njia ya maandamano ya 1968 mjini Chicago: ziara inayoijua barabara kuliko sebule

Nimeishi Chicago miaka saba, na katika miaka hiyo nimepita mara nyingi mno kwenye kona ya Michigan Avenue na Balbo Drive, mbele ya hoteli ya Hilton, nikiwahi basi au nikirudi kutoka ziwani, bila kujua kwamba nilikuwa nikikanyaga mahali ambapo usiku wa tarehe 28 Agosti 1968 polisi waliwapiga waandamanaji virungu mbele ya kamera za televisheni. Nilipokuja kulijua jambo hilo niliona aibu kuendelea kupita hapo kama mgeni. Ndipo Jumamosi moja ya mwezi Septemba nikalipa dola 35 na kujiunga na ziara ya kutembea kwa miguu katika maeneo ya maandamano ya mwaka ule, yaliyofanyika wakati chama cha Democratic kikiwa katika mkutano wake mkuu wa kumteua mgombea urais. Kampuni inayoendesha ziara hiyo sitaitaja jina, kwa kuwa nina lawama nayo, na lawama yenyewe ni ya hoja wala si ya pesa.

Nianze na yanayomhusu mtu anayetaka kujua kama fedha yake itatumika vizuri. Ziara huanza saa tatu asubuhi katika bustani ya Grant Park, chini ya sanamu ya Jenerali John Logan aliyepanda farasi, na humalizika saa sita mchana mbele ya Hilton. Tulikuwa watu 11. Kila mmoja alipewa kisikilizio cha sikioni ili asipitwe na maneno hata magari yanapopiga kelele, na kwa mtu kama mimi, ambaye Kiingereza cha wazee wa Chicago bado hunipita kwa kasi, kifaa hicho kilikuwa msaada mkubwa. Njia ni tambarare na haizidi kilomita tatu au nne, mapumziko ni mawili, na choo kipo katikati ya safari. Anayemleta mzazi wake mzee asiwe na wasiwasi, mradi tu avae kofia, kwa sababu sehemu ya kwanza haina kivuli. Kwa huduma peke yake ningeipa ziara hii nyota tano bila kusita.

Kiongozi wetu alikuwa mzee aliyekuwa mwanafunzi wa chuo mwaka ule wa 1968 na ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwepo katika bustani hiyo siku mbili kati ya nne. Hakutumia karatasi. Alianza kwa kueleza mkutano mkuu ni kitu gani, na hapo hakunipa tabu, kwa sababu mtu aliyekulia Tanzania na kuzoea kusikia habari za wajumbe wakimiminika Dodoma huielewa shughuli hiyo haraka: wajumbe wa majimbo yote hukusanyika kwa siku kadhaa, hupigia kura ilani ya chama, humpitisha mgombea, na taifa zima huwatazama. Kilichoufanya mkutano wa 1968 uwe mzito ni yaliyoutangulia. Tarehe 31 Machi Rais Lyndon Johnson alitangaza kwamba hatagombea tena, akiwa ameelemewa na vita vya Vietnam. Tarehe 4 Aprili Martin Luther King aliuawa, na sehemu za magharibi za Chicago zikawaka moto. Mwezi Juni Robert Kennedy, aliyekuwa akiwania uteuzi kwa kupinga vita, alipigwa risasi usiku wa ushindi wake California. Aliyebaki na wajumbe wengi alikuwa Makamu wa Rais Hubert Humphrey, mtu ambaye hakusimama hata katika kura ya mchujo moja, yaani zile kura ambazo wananchi hupiga jimbo kwa jimbo kusema wanamtaka nani awe mgombea wa chama. Vijana waliokuja Chicago walikuja wakiamini kwamba kura za mchujo zilikuwa zimesema jambo moja, na wazee wa chama walikuwa wakijiandaa kusema jingine.

Kuanzia hapo mzee yule alitutembeza kwa ustadi ambao sijauona kwa mwongoza watalii mwingine yeyote. Alituonyesha sanamu ya Logan ambayo vijana waliipanda Jumatatu ya wiki ile na kuteremshwa kwa nguvu. Alitupeleka kusini mwa bustani, ulipokuwa ukumbi wa wazi wa muziki, ambako Jumatano mchana watu wapatao 10,000 walikusanyika katika mkutano wa hadhara pekee uliopewa kibali na jiji. Hapo kijana mmoja alianza kuteremsha bendera ya taifa, polisi wakaingia katikati ya watu, na mmoja wa waandaaji, Rennie Davis, akapasuliwa kichwa. Kutoka hapo tulifuata njia ileile waliyoifuata waandamanaji walipotaka kuondoka bustanini: daraja la Balbo lilikuwa limefungwa na wanajeshi wa akiba wa jimbo, la Congress vilevile, wakaendelea kaskazini huku mabomu ya machozi yakiwafuata, mpaka wakalikuta daraja la Jackson halina mlinzi, wakamiminika Michigan Avenue. Pale barabarani walikutana na msafara wa Kampeni ya Watu Maskini, wenye magari ya kukokotwa na nyumbu (chotara wa punda na farasi), ulioongozwa na mchungaji Ralph Abernathy, wakaingia nyuma yake na kuelekea kusini, hotelini walikolala wagombea.

Kutembea kwa miguu kuna faida ambayo kusoma hakuwezi kuitoa. Nilipofika Balbo nilielewa kwa macho jinsi kona ile ilivyo mtego: upande mmoja ukuta mrefu wa hoteli, upande wa pili bustani iliyokuwa na askari, na watu wakizidi kusukumwa kutoka nyuma. Saa mbili usiku polisi waliingia. Baadhi ya waandamanaji na wapita njia walisukumwa kwenye dirisha la baa ya hoteli mpaka kioo kikavunjika, wakaangukia ndani, na polisi wakawafuata humo humo. Moshi wa mabomu ya machozi ulipanda mpaka ghorofa ya 25, alikokuwa Humphrey. Umati ukaimba kwamba dunia nzima inatazama. Jiji lilikuwa limeweka polisi wapatao 12,000 kwa zamu ndefu, wakisaidiwa na maelfu ya wanajeshi wa akiba wa Illinois, na wanajeshi wengine wa serikali kuu wakisubiri karibu. Hadi wiki inaisha watu 668 walikuwa wamekamatwa na mamia walikuwa wameumia, polisi wakiwemo.

Ni hapo, mbele ya Hilton, ndipo ziara iliponiangusha. Mzee alifunga maelezo yake kwa kusema kwamba Wamarekani waliokuwa majumbani walipoona virungu vile waliamka, wakaelewa serikali yao ni ya namna gani, na kuanzia usiku ule taifa likavigeuka vita. Mama mmoja wa kundi letu, mwenye umri wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliinua mkono kwa adabu na kusema kwamba nyumbani kwao, karibu na Joliet, haikuwa hivyo. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mpiga kura wa Democratic tangu ujana, na alikuwa na mpwa wake Vietnam ambaye alitaka arudishwe hata kesho. Usiku ule alitazama televisheni mpaka mwisho, kisha akasema kwamba polisi wamefanya kazi yao. Kiongozi wetu alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, na kusema kwamba muda unatubana. Tukasonga mbele.

Sikuridhika, na kwa wiki kadhaa baadaye nilitumia jioni zangu kutafuta kama baba yule alikuwa peke yake. Hakuwa peke yake hata kidogo. Taasisi ya kura za maoni ya Gallup ilipowauliza Wamarekani baada ya mkutano, asilimia 56 waliunga mkono jinsi polisi walivyowashughulikia waandamanaji, na asilimia 31 tu ndio waliopinga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipouliza swali kama hilo baada ya uchaguzi, miongoni mwa watu waliokuwa wamezisikia habari zile, asilimia 19 walisema polisi walitumia nguvu kupita kiasi, asilimia 25 walisema nguvu zilizotumika hazikutosha, na karibu theluthi moja wakasema zilikuwa za kiasi kinachofaa. Kwa maneno mengine, walioona polisi walikuwa wapole mno walikuwa wengi kuliko walioona walikuwa wakatili. Wamarekani weusi, ambao wengi wao walikuwa wameyaonja makali ya polisi kabla ya kamera kuwapo, ndio waliokuwa wepesi zaidi kuuona ukatili kwa jina lake. Lakini hao walikuwa wachache katika idadi ya wapiga kura.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba kuichukia vita na kuwachukia waandamanaji wa vita vilikaa pamoja katika moyo mmoja bila kugombana. Mwanzoni mwa Agosti 1968, wiki kadhaa kabla ya virungu vya Chicago, Gallup tayari ilikuwa imekuta asilimia 53 ya Wamarekani wakisema kuwapeleka wanajeshi Vietnam kulikuwa kosa. Hao ni zaidi ya nusu, na walifika hapo kabla kijana hata mmoja hajapigwa kwenye kona ya Balbo. Kilichowafikisha hapo ni majeneza, ni mashambulizi ya wakomunisti wa Vietnam wakati wa Tet, sikukuu yao ya mwaka mpya, mwezi Januari na Februari, ni ahadi za ushindi zisizotimia. Na bado wengi kati ya hao hao, walipoulizwa wanawaonaje waandamanaji wa kupinga vita, waliwapa alama za chini kabisa. Baba wa Joliet alikuwa mmoja katika mamilioni: mpwa arudi, na vijana wale watolewe barabarani.

Kwa nini mtu amwone mwenzake anapigwa na asimhurumie? Mzee wetu angekuwa na nafasi nzuri sana ya kulijibu swali hili, kwa sababu anazo kumbukumbu na anao ufasaha, na kulipita kwake ndiko kunakoniuma. Waandamanaji wa 1968 walikuwa na mfano mbele yao. Tarehe 7 Machi 1965, katika daraja la Edmund Pettus mjini Selma, askari wa jimbo la Alabama waliwapiga watu weusi waliokuwa wakitembea kwa utulivu kudai haki ya kupiga kura, picha zikaoneshwa usiku huohuo, na kufikia Agosti Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilikuwa imesainiwa. Ilionekana kama kanuni: picha ya kirungu ikifika sebuleni, dhamiri ya taifa itafanya kazi iliyobaki.

Lakini mtazamaji wa 1968 hakuwa yule wa 1965. Katikati yake na daraja la Selma kulikuwa na Newark na Detroit za Julai 1967, ambako watu kadhaa walikufa na mitaa kuteketea, na kulikuwa na Aprili ya 1968 yenyewe, ambapo miji zaidi ya 100 ilikumbwa na ghasia baada ya kuuawa kwa King. Alipoona umati barabarani na moshi angani, alikuwa ameshajua, au alidhani ameshajua, hadithi hiyo inaishia wapi. Isitoshe, Richard Nixon, mgombea wa chama cha Republican, na George Wallace, gavana wa zamani wa Alabama aliyegombea nje ya vyama hivyo viwili vikubwa, walikuwa wametumia miezi kadhaa kumfundisha maneno ya kuielezea picha hiyo kabla hajaiona, na maneno yenyewe yalikuwa mawili tu: sheria na utulivu. Na waandamanaji wenyewe hawakufanana na wale wa Selma. Wa Selma walivaa nguo za kanisani, walitembea wawili wawili kwenye njia ya waenda kwa miguu, na walidai kitu kimoja ambacho Katiba ilikwishawaahidi. Wa Chicago walikuwa mchanganyiko wa wafuasi waungwana wa Seneta Eugene McCarthy, aliyekuwa akiwania uteuzi kwa kupinga vita, wapinga vita wa siku nyingi, na vijana wa kundi la Yippie walioleta nguruwe na kumtangaza kuwa mgombea urais. Baadhi yao waliwarushia polisi mawe na matusi. Kamera haikuwa na muda wa kuwatenganisha.

Televisheni nayo ilikuwa na shida zake, na hili ni jambo ambalo kiongozi wetu aligusia kwa sentensi moja tu, ilhali mimi naliona kuwa muhimu kuliko hata dirisha lililovunjika. Kwa sababu ya mgomo wa mafundi wa umeme na simu mjini, vituo vya televisheni havikuweza kurusha picha za barabarani moja kwa moja kama vilivyotaka. Kanda zilibebwa kwa mkono na kuoneshwa zaidi ya saa moja baadaye, wakati ndani ya ukumbi hotuba za kuwapendekeza wagombea zikiendelea. Mtazamaji akawa anamwona mtu akipigwa Michigan Avenue, kisha anarudishwa ukumbini kumwona mjumbe akishangilia, kisha anarudishwa barabarani. Seneta Abraham Ribicoff, akimpendekeza George McGovern, aliwafananisha polisi wa jiji na Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, kutoka jukwaani, na Meya Richard J. Daley akaonekana akimfokea kutoka kwenye kiti chake. Siku hiyohiyo wajumbe walikuwa wamekikataa kipengele cha amani katika ilani kwa kura zipatazo 1,568 dhidi ya 1,041. Humphrey alipopitishwa usiku ule kwa kura zaidi ya 1,700, ushindi wake ulifika majumbani ukiwa umefungwa pamoja na picha za damu, na mpiga kura aliyetaka mtu wa kumlaumu hakuhitaji kuchagua kati ya waandamanaji na polisi. Angeweza kukilaumu chama kizima.

Kwa muda niliamini kwamba nimepata jibu, yaani kwamba maandamano yale yalimnyima Humphrey urais. Ndivyo wengi wanavyosema, na mmoja wa wenzangu katika ziara alilitamka kama jambo lisilo na ubishi. Hesabu za Gallup hazikubali kirahisi hivyo. Mwanzoni mwa Agosti, mara baada ya Republican kumaliza mkutano wao Miami Beach, Nixon alikuwa na asilimia 45 na Humphrey 29, tofauti ya pointi 16. Mwanzoni mwa Septemba, siku chache baada ya Chicago, Nixon alikuwa na 43 na Humphrey 31, tofauti ya pointi 12. Kwa kawaida mgombea hupanda vizuri baada ya mkutano wa chama chake, na Humphrey alipanda kidogo mno; hiyo ndiyo hasara ninayoweza kuiona, hasara ya kukosa alichostahili kupata. Alipozidi kudidimia mwishoni mwa Septemba, kilichomwinua ni hotuba yake ya Salt Lake City ya tarehe 30 mwezi huo, alipoahidi kusitisha mashambulizi ya mabomu Vietnam ya Kaskazini, pamoja na juhudi kubwa za vyama vya wafanyakazi za kuwarudisha wanachama wao waliokuwa wamevutwa na Wallace. Tarehe 5 Novemba Nixon alipata asilimia 43.4, Humphrey 42.7 na Wallace 13.5. Kwa tofauti ndogo kama hiyo kila mtu anaweza kudai kwamba sababu yake ndiyo iliyoamua, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ni hiyo peke yake.

Ningependa ziara hii iwape wageni hesabu hizo, hata kwa dakika tano. Ningependa pia mzee awaambie kwamba Desemba ya mwaka ule tume iliyoongozwa na Daniel Walker ilichunguza matukio yale na kuyaita, kwa sehemu yake kubwa, ghasia za polisi. Hukumu hiyo ilitoka kwa watu waliosikiliza mashahidi kwa maelfu, na mimi naikubali. Lakini hukumu ya tume ilitoka baada ya uchaguzi, na hukumu ya sebuleni ilikuwa imeshapigwa kura. Mtu anaweza kuwa amedhulumiwa kweli na bado asihurumiwe na wengi. Mambo hayo mawili yalikuwa kweli kwa pamoja Chicago, na ziara inalisema la kwanza tu.

Kulikuwa na fursa nyingine iliyopotezwa. Tulipokuwa tukipumzika, kijana mmoja aliuliza kama maandamano ya kwenye mikutano mikuu yaliwahi kubadili uchaguzi mwaka mwingine wowote, na jibu alilopewa lilikuwa fupi na la jumla. Jibu lenye manufaa lingeanza na Miami Beach ya 1972, ambako maveterani wa Vietnam waliandamana dhidi ya Nixon na watu zaidi ya 1,000 wakakamatwa. Novemba Nixon alishinda majimbo 49. Lingepita New York ya 2004, ambako mamia ya maelfu walitembea kupinga vita vya Iraq na zaidi ya watu 1,800 wakakamatwa katika siku za mkutano wa Republican, George W. Bush alishinda miezi miwili baadaye, na ilipofika 2014 jiji lilikubali kulipa karibu dola milioni 18 kumaliza kesi za waliokamatwa. Kisha lingerudi hapahapa, Agosti 2024, ambapo maelfu walitoka Union Park kuelekea karibu na United Center kupinga vita vya Gaza. Wengi tulikuwa tukihofia kwamba 1968 itajirudia; haikujirudia, kwa kuwa polisi walikuwa wamejiandaa kwa namna nyingine na waandamanaji wengi walitembea kwa utulivu. Kule Dearborn, Michigan, jiji lenye Waarabu wengi, Donald Trump alimzidi Kamala Harris kwa kura. Sidhani kwamba mpiga kura wa Dearborn alibadilishwa na maandamano ya Chicago. Alibadilishwa na habari za ndugu zake, naye na mwandamanaji walikuwa wakisukumwa na jambo lilelile.

Mtafiti Omar Wasow alichapisha mwaka 2020 uchunguzi kuhusu maandamano ya Wamarekani weusi ya miaka ya 1960, akionyesha kwamba katika maeneo yaliyokuwa karibu na maandamano ya utulivu kura za wazungu kwa Democratic ziliongezeka kidogo, na kwamba maandamano yaliyogeuka ghasia baada ya kifo cha King yalizisukuma kura hizo upande wa Republican mwaka 1968. Uchunguzi wake hauhusu mikutano mikuu ya vyama, na sitaki kuuvuta hadi mahali ambapo haukufika. Ila unanisaidia kuelewa kwa nini swali la nani alianza kurusha lilikuwa na uzito mkubwa machoni pa mtazamaji, kuliko hata swali la nani aliumia zaidi.

Mahali pekee ambapo naona maandamano ya Chicago yaliacha alama isiyofutika ni katika taratibu za chama chenyewe. Aibu ya wiki ile ilizaa tume ya kurekebisha namna ya kuwapata wajumbe, iliyoongozwa na McGovern kisha Donald Fraser, na kura za mchujo zikaongezeka kiasi kwamba imekuwa nadra sana mtu kuteuliwa kama Humphrey alivyoteuliwa, yaani bila kushinda kura ya mchujo hata moja; Harris wa 2024, aliyeingia baada ya Joe Biden kujitoa, ndiye wa kipekee. Mwaka 1972 ujumbe wa Meya Daley mwenyewe, watu 59, ulinyimwa viti kwenye mkutano mkuu. Mpiga kura wa sebuleni hakushawishika, lakini mlango ambao vijana wale waliukuta umefungwa ulifunguliwa. Hilo ni kubwa, na linastahili kituo chake katika ziara, hata kama hakuna sanamu ya kulionyesha.

Je, ninaipendekeza ziara hii? Ndiyo, na kwa moyo wote, hasa kwa wazazi walio na watoto wa sekondari. Ninaipa nyota nne. Mzee anajua kila jiwe la njia ile, na mtu atakayemsikiliza hataiona tena Grant Park kama bustani ya chemchemi na picha tu. Anayekwenda amuulize mapema maswali kuhusu watu waliokuwa nyumbani, kabla ya kufika Hilton, kwa sababu mwisho wa safari muda huwa umekwisha. Nimewaandikia wenye kampuni kuwaomba waongeze kituo kimoja, hata kama ni cha kukaa tu kwenye benchi: televisheni moja ya zamani, picha za usiku ule kwa mpangilio uleule zilivyoonekana, na dakika kumi za kuwauliza wageni wangekuwa wamefikiri nini.

Yule mama wa Joliet nilimsindikiza hadi stesheni ya LaSalle, kwa kuwa njia yetu ilikuwa moja. Nilimuuliza baba yake alimpigia nani kura mwaka ule. Alisema kwamba mwezi wote wa Septemba gari lake lilikuwa na kibandiko cha Wallace, na mama yake alikataa kupanda. Mwishoni mwa Oktoba watu wa chama cha wafanyakazi walikuja nyumbani mara mbili, wakakaa jikoni na kuzungumza mishahara ya Alabama, kwao Wallace. Asubuhi moja yeye, msichana wa shule, alimkuta baba yake amepiga magoti nyuma ya gari na ndoo ya maji ya moto, akikibandua kibandiko kile kwa kisu cha mezani. Chicago hawakuitaja tena nyumbani kwao, alisema, na mpwa alirudi mwaka uliofuata.